Mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa gesi ya argoni) mtumba kwa kazi ya bodi za magari, niangalie nini?

fundi_fenda: Wakuu habari, nimepata TIG used Gerezani, ni DC tu (umeme wa mwelekeo mmoja), ampea 200 (200A), muuzaji anasema iko poa. Kazi zangu ni fenda na milango, bati la 0.8mm hivi. Nichukue au nitaumia?

Mzee wa Argoni: Mdogo wangu hizo 200A zisikudanganye, bati la 0.8 unachomea ampea 25 mpaka 40 tu. Muulize inashuka mpaka ngapi. Nenda na kipande cha bati lako na tungsteni ya 1.6mm (ile sindano inayotoa moto), iwashe kwa ampea 10, moto ukirukaruka au ukizima achana nayo. Na iwe na HF (inawasha moto bila ncha kugusa bati), ile ya kuwasha kwa kukwaruza inachafua ncha kila mara.

bodi_straight: Pedali ya mguu ya kuongeza na kupunguza moto inayo? Mimi nilinunua bila pedali, mlango wa kwanza tu ukajikunja kama chapati, nikashinda siku nzima na nyundo. Chomea nukta nukta, ruka huku na kule.

fundi_fenda: Pedali haina ila soketi yake ipo. Bonati za alumini je?

Mzee wa Argoni: Hapo DC haikufai, tafuta AC/DC, yenye na AC (umeme unaobadili mwelekeo).