Mrejesho: Miche ya mhazeli kwa kulaza matawi

Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kupata miche mipya kutoka kwenye kichaka changu cha mhazeli, mti mdogo unaozaa njugu za hazeli (hazelnut). Niliufuata ushauri wa kulaza tawi changa mwishoni mwa majira ya baridi, kulikwaruza gamba upande wa chini na kulifukia huku ncha ikibaki nje, na baada ya msimu mzima wa ukuaji lilikuwa na mizizi ya kutosha kukatwa na kuhamishwa. Vipande vya matawi nilivyochomeka ardhini vilikauka vyote, kama mlivyotahadharisha. Njugu bado hazijaonekana, kwa kuwa mhazeli haujichavushi wenyewe na mche huu ni nakala ya mama yake, hivyo hiyo miwili haiwezi kuchavushana. Nimepanda aina nyingine ya mhazeli jirani ili upepo ulete chavua.