Tufanyeje ili uchangiaji damu uwe furaha ya ukoo mzima, wala si mbio za dharura?

Mjukuu wa Kibosho

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kwa miaka mingi ukoo wetu umechangia damu kwa namna moja tu: shangazi amelazwa, akiba ya damu hospitalini imepungua, ujumbe unatumwa katika kundi la ukoo, na vijana wanaacha kazi na kukimbia huku roho ziko juu. Desemba iliyopita, tulipokuwa tumekusanyika nyumbani Moshi kwa sikukuu, binamu yangu alitushawishi twende kuchangia ilhali hatuna mgonjwa yeyote. Tulikwenda pamoja na wajomba, mashemeji na marafiki wawili waliokuja kusherehekea nasi, na tulirudi tukiwa na furaha ambayo hakuna aliyeitarajia. Sasa tunataka jambo hili liwe la kudumu. Naomba ushauri: tukutane mara ngapi kwa mwaka, na wale wanaorudishwa na wahudumu tuwape nafasi gani ili wasijione wametengwa?

Mhudumu wa Maabara

Hongereni sana. Kwa utaratibu wa hapa Tanzania, mwanamume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne, kwa sababu maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili lakini madini ya chuma huchukua muda mrefu zaidi kujazwa, na mwanamke hupoteza mengine kila mwezi. Kwa hiyo, mkitaka kwenda wote kwa pamoja, fuateni hesabu ya wanawake: Aprili, Agosti na Desemba. Tarehe ihesabiwe kutoka kwenye kadi ya uchangiaji ya kila mtu, maana hata siku chache za pungufu zinaweza kumrudisha mtu nyumbani.

Desemba yenu nawaomba msiiache kabisa. Sehemu kubwa ya damu yetu hutoka kwa wanafunzi wa sekondari, nao shule zikifungwa hutawanyika, wakati ambapo barabara zimejaa wasafiri na wodi haziendi likizo. Chembe nyekundu katika mfuko wa kawaida hukaa jokofuni kwa siku 35 hivi, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, huhifadhiwa kwa siku 5 tu, hivyo umati unaojitokeza kila Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, hauwezi kumsaidia mama anayetokwa damu baada ya kujifungua mwezi Septemba. Watoto wenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu), ambao katika nchi yetu ni wengi mno, nao huhitaji damu mwaka mzima.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba damu ya ndugu wa karibu si lazima iwe ndiyo bora kwa mgonjwa. Ni nadra, lakini chembe nyeupe za mtu anayefanana naye sana kinasaba zinaweza kuushambulia mwili wake, na ndiyo maana hospitali zenye mashine hupitisha damu ya namna hiyo kwenye mionzi kwanza. Kwa hiyo mnapochangia akiba ya wote, shangazi yenu naye mnamtendea mema, kwa sababu ataikuta damu ya mtu baki ambayo imekwisha kupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende.

Mama wa Wawili, Tanga

Naunga mkono, ila nina angalizo moja ambalo naliona kubwa kuliko suala la ratiba. Watu wakienda kwa kundi, aibu nayo huenda nao. Mmoja anaweza kuwa anatumia dawa ambazo hajamweleza hata mkewe, mwingine ana ujauzito ambao bado hajautangaza, na mwingine anaogopa tu. Ikiwa shemeji anasimama mlangoni akiuliza kila anayetoka, "Mbona wewe hukutolewa?", mtu huyo ama hatakuja tena au, baya zaidi, atawaficha wahudumu ukweli katika yale maswali ya faragha ili asiumbuke. Kubalianeni mapema, na mzee wa ukoo alitamke mwenyewe, kwamba sababu ya mtu kutochangia haiulizwi, wala haigeuzwi kuwa utani. Na picha za kundi zipigwe nje, wote wakiwemo. Mimi singependa kabisa ile ya kuonyesha mikono yenye plasta, kwa kuwa inamfichua asiye nayo.

Mwanakwaya wa Dodoma

Dada wa Tanga amenena vyema. Kwaya yetu ilianza jambo hili pamoja na majirani, wakiwemo Waislamu wa mtaa wa pili, ambao katika mwezi wa Ramadhani huomba tusogeze siku, nasi husogeza. Kuhusu wanaorudishwa, njia iliyotufaa ni kugawa kazi kabla ya kujua nani atachangia. Kuna anayeendesha gari, anayebaki na watoto wachanga, anayepika, na anayetunza orodha ya tarehe za kadi, ambaye kwetu ni mzee aliyepita miaka 65 na ambaye ukali wake kuhusu tarehe hauna mfano. Walio chini ya miaka 18 au wenye uzito usiofika kilo 50 huja pia, na wengine hutimiza umri wakiwa tayari wamezoea sindano na vitanda.

Baada ya soda na biskuti za kituoni, sisi hula pamoja nyumbani kwa mmoja wetu: maharage, mchicha na dagaa, au maini siku ambayo mfuko unaruhusu, pamoja na machungwa, kwa kuwa husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma. Chai huja saa moja au zaidi baada ya chakula, maana huyazuia madini hayo. Wapenzi wa chai hulalamika kila mara, lakini hawaondoki mpaka birika lifike.