Muvi gani naweza kutazama na baba mkwe bila kutafuta rimoti chini ya kochi?

Mkwe_wa_Kimara

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Baba mkwe yupo kwangu wiki ya tatu sasa. Alikuja kutoka Tabora kutolewa mtoto wa jicho. La kulia tayari, la kushoto ni mwezi ujao, kwa hiyo tupo naye, na mama mkwe kaja kumwuguza. Shida yangu siyo kuwalisha. Shida ni usiku taarifa ya habari ikishaisha.

Huyu mzee miaka kama minne alikuwa anaona ukungu tu. Sasa anaona. Juzi kaniambia pazia la sebuleni lina doa; pazia lile nimekaa nalo miaka mitatu na doa sijawahi kuliona. Na kitu anachotaka kukiona kuliko vyote ni muvi. Nikishazima taarifa tu, nasikia: "Haya mkwe, leo unatuonyesha nini?"

Wiki ya kwanza nikaenda kwa kijana mmoja wa mtaani anayejaza muvi kwenye flashi, nikamwambia nipe ya kibabe, isiyo na mambo mengi. Akanipa ya majambazi wanateka treni. Mzee alistaafu reli, nikasema hii ndiyo yenyewe. Dakika arobaini za mwanzo, raha tupu. Mzee anaeleza breki za treni zinavyofanya kazi, mama mkwe anachambua mchicha, mimi najiona mkwe bora nchini. Ghafla jambazi na yule dada wakaingia chumbani na mlango ukafungwa. Nikatafuta rimoti, haipo. Nikapenyeza mkono chini ya mto wa kochi, nikaipata, nikabonyeza kwa nguvu zote.

Nikabonyeza kusimamisha badala ya kupeleka mbele.

Wakuu, picha iliganda pale pale, kwenye TV ya inchi 43. Mama mkwe akaanza kuongelea bei ya mihogo. Mzee akainuka kunywa maji, na jagi lilikuwa mezani mbele yake. Mke wangu alicheka mpaka akakimbilia chooni, huyo nitamalizana naye mwenyewe.

Tangu siku hiyo kila muvi naipa alama mbili, yangu na ya ukiwa na mkwe:

Ya treni: yangu 7/10, na mkwe 0/10.
Binti (ile ya Seko Shamte ya mwaka 2021, wanawake wanne wa Dar, iliwekwa Netflix): yangu 8/10, na mkwe 5/10. Haikuwa na aibu sana ila kipigo cha nyumbani kilipoonyeshwa, mzee alinigeukia akanitazama. Hakusema kitu. Alinitazama tu kwa lile jicho jipya.
Nairobi Half Life: yangu 9/10, na mkwe 2/10. Mlioiona mnajua kwa nini. Kipande cha Mwas kusafisha choo cha mahabusu kimepita wakati watu wana ugali mkononi.

Naombeni ushauri. Masharti: isiwe na chumba cha kulala, na iwe ya Kiswahili, kwa sababu kila ikiwa ya Kiingereza mzee ananiuliza "wanasemaje?" mpaka mwisho. Maandishi ya chini hayafuatilii.

Kitasa

Ngoja waje.

Dada_wa_Rungwe

Nimecheka kama mwehu ofisini. "Jagi lilikuwa mezani mbele yake" 😂

Ila kaka shukuru Mungu. Kwetu zamani mkamwana akimwona baba mkwe njiani anachepukia migombani mpaka apite, na jina lake halitaji. Bibi yangu aliishi hivyo hadi baba mkwe wake anazikwa. Leo nyie mnakaa kochi moja mnatazama majambazi. Mwekee tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Vipande 100 na zaidi, watu wanatazamana tu na muziki unalia. Mama yangu anazipa 10/10 na hajui hata moja imeishaje, maana analala.

Mtoto_wa_Mchambawima

Muekee Vuta N'Kuvute. Ya Amil Shivji, 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Kiswahili kitupu, tena kile chenyewe. Unguja ya siku za mwisho za Muingereza, mwanamwali wa Kihindi kaozwa mzee, kakimbia, kakutana na Denge anayesambaza makaratasi ya siasa usiku. Mimi naipa 9/10 na hiyo moja nimeibakisha kwa ajili ya husuda tu.

Bonde_la_Ufa

Mtoto wa Mchambawima, na mimi niliitazama. 6/10. Picha nzuri sina ubishi, ila inakwenda taratibu mno. Mtu anawasha sigara, unakwenda kujisaidia, unarudi, hajaivuta. Tuliosoma kitabu kidato cha tano na sita tulitegemea purukushani za Denge na polisi zijae, humu zinapita kama kivuli.

Mtoto_wa_Mchambawima

Bonde la Ufa, wewe unataka muvi au unataka mtihani wa NECTA? Kitabu kina kurasa zake na muvi ina saa moja na nusu. Hebu itazame tena ule uchochoro usiku, taa moja ya njano, ukuta umelowa, na taarabu inatoka dirisha usilolijua. Mimi nimezaliwa kwenye uchochoro kama ule. Bibi yangu alipoiona hakusema kitu kuhusu siasa wala mapenzi. Alisema "huyo anavyofunga kanga ndivyo." Filamu ngapi zimepigwa Unguja na wageni, na mtu hata kanga hajafungishwa sawasawa? Hii ya kwetu ilikwenda mpaka tamasha la Toronto. Taratibu yake ndiyo utamu wake, na asiyeweza kungoja sigara iwake arudi kwenye mabomu.

Bonde_la_Ufa

Haya, 6 na nusu. Hiyo nusu ni ya bibi.

Mkwe_wa_Kimara

Ndugu zangu msipigane. Swali moja: chumba cha kulala kipo hakipo?

Mtoto_wa_Mchambawima

Mapenzi yamo, ndugu yangu, sitakudanganya. Kaa na rimoti mapajani.

Mkwe_wa_Kimara

Basi hiyo nitaitazama na binti yake mzee, mzee akisharudi Tabora.

Msafiri_Voi

Hujambo ndugu wa Kimara, huku ni Kenya. Wewe tafuta Supa Modo, ya Likarion Wainaina, 2018. Haina chumba cha kulala, haina matusi, na ni dakika 74 pekee, mzee hatasinzia. Ni hadithi ya msichana anaitwa Jo, ana miaka tisa na ni mgonjwa wa kutopona. Anapenda sana muvi za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mamake anamtoa hospitali kumleta nyumbani, na dadake anaanza kumdanganya kwamba na yeye ana hizo nguvu. Kijiji kizima kinaingia kwa huo uongo. Kuna jamaa mle ndani wa kuonyesha sinema kijijini anaieleza kwa maikrofoni, ukimsikia unakumbuka DJ Afro, yule msimulizi wetu wa muvi, na vibanda vyetu.

Kuna maneno ya Kikuyu na Kiingereza humo lakini Kiswahili ndicho kingi. 9/10. Weka leso karibu, mimi nilisema ni vumbi.

Kipanga_Mkongwe

Vijana hamjambo. Mimi nina miaka 68 na ni baba mkwe wa watu watatu, kwa hiyo naongea kwa niaba ya mzee wako.

Mpe muvi ya Kihindi ya zamani. Hamna kubusu. Wakikaribiana, wanaonyeshwa ndege wawili au wanakimbia kuzunguka mti. Ndiyo maana wakati ule Dar, pale Empress na Avalon, ulikuwa unakuta baba, mama, shangazi na watoto wamekaa mstari mmoja, na hakuna aliyekuwa anaogopa kipande kinachofuata. Kihindi hatujui, lakini hakuna aliyeuliza wanasemaje.

Mimi nasema Sholay, 1975. Ni ndefu, imepita saa tatu, kwa hiyo kuleni mapema. Polisi mmoja mstaafu amekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh, anawakodi wahuni wawili wamletee huyo Gabbar akiwa hai. Ukishaona yule bwana shuka imefunika mabega kila saa, na wewe hujui kwa nini, halafu upepo uipeperushe, hapo utajua kwa nini sisi tulipiga mbinja. Na kwa kuwa mkweo ni mtu wa reli: mwanzoni tu kuna mapigano juu ya treni. 10/10, na sijasikia hoja ya kunishusha.

Dada_wa_Rungwe

Babu shikamoo. "Wanakimbia kuzunguka mti" ndiyo sababu mama yangu hakutuambia chochote sisi mabinti. Alidhani tunajua.

Kipanga_Mkongwe

Marahaba mjukuu. Si mmezaliwa lakini.

Kitasa

Hao wamekuja.

Fundi_Antena_Mza

Mkuu wa Kimara, unajichosha. Wewe ni wa enzi gani hujui Lufufu, yule msimulizi wa muvi? Sisi kwenye kibanda umiza hatukuwahi kujua Kiingereza cha muvi yoyote, mtu alikuwa anatusimulia na ikawa tamu kuliko yenyewe. Sasa fanya hivyo. Weka muvi nzuri ya Kiingereza ambayo wewe umeshaiona, kaa pembeni ya mzee, msimulie. Faida mbili: unajua chumba cha kulala kiko wapi unapita mapema, na pasipopitika unatafsiri unavyotaka. Wakikumbatiana sema ni ndugu walipotezana vitani.

Ningekuwa wewe ningeanza na The First Grader, ya yule mzee Maruge wa Kenya aliyeanza darasa la kwanza ana miaka 84. Kisa cha kweli, 2004, mwaka mmoja baada ya serikali yao kufuta ada ya msingi. Mimi 8/10. Angalizo: kuna vipande vya mateso ya Waingereza kwa Mau Mau, ni vizito.

Mkwe_wa_Kimara

Hili la Lufufu limeniingia. Jumatano naijaribu. Supa Modo Ijumaa. Sholay Jumapili mchana ili tuimalize kabla ya usiku. Nitaleta mrejesho.

Bonde_la_Ufa

Nimekaa pale nasubiri.

Mkwe_wa_Kimara

MREJESHO.

Jumatano nikaweka The First Grader. Nikakaa stuli pembeni ya mzee, nikasafisha koo, nikaanza kama Lufufu. Maruge kafika getini na mkongojo, namwambia mzee, "Hapo anasema anataka kusoma." Mzee anaitikia mmh. Maruge karudi kakata suruali ikawa kaptula, kavaa soksi ndefu kama mtoto, mama mkwe kacheka mpaka kashika ubavu. Na mimi kichwa kikavimba, nikaanza kuongeza chumvi. Mwalimu anaongea maneno matatu, mimi nasimulia kumi. Kwenye mateso nikajaribu kulainisha, nikasema, "Hapa wanamhoji tu kidogo."

Mzee akasema bila kugeuka: "Hawamhoji. Wanamwambia akane kiapo cha Mau Mau, na amekataa."

Nikanyamaza.

Akasema: "Na kule nyuma mwalimu hakusema mzee nenda kapumzike. Alisema kila mwanafunzi lazima awe na sare."

Nikamwuliza, baba, kumbe Kiingereza unakisikia? Akanijibu: "Mkwe, mimi nilikuwa stesheni masta miaka ishirini. Unadhani treni nilikuwa nazipokea kwa Kinyamwezi?"

Sasa siku zote hizo "wanasemaje, wanasemaje" ilikuwa ya nini? Mke wangu ndiye aliyemwuliza. Mzee kasema mkwe akikaa na mimi anakaa kama yuko mahakamani, nikimwuliza ndiyo anaongea.

Tukaendelea, mimi nimerudi kwenye kochi. Ile barua Maruge anayoing'ang'ania aisome mwenyewe ilipotokea, mzee alichukua kopo la dawa ya jicho pale mezani, akalisogeza, akasoma maandishi yote ya kibandiko kwa sauti, mpaka tarehe ya kuharibika. Hakuna aliyemwomba. Mama mkwe alikuwa anapangusa macho na upande wa kitenge.

Alama za mzee mwenyewe:

The First Grader: 8. Kapunguza mbili kwa sababu "msimulizi alikuwa mwongo."
Supa Modo: 9. Moja kaikata kwa sababu mama mkwe alilia mpaka ugali ukapoa na hakuna aliyeleta mwingine. Msafiri Voi, na mimi nilisema ni vumbi.
Sholay: hajatoa, hatujaimaliza. Umeme ulikatika Gabbar akiwa ndiyo kwanza amewauliza watu wake walikuwa wangapi. Mzee Kipanga, ameapa harudi Tabora mpaka aone upepo na ile shuka, kwa hiyo jicho la kushoto likipona bado nipo naye, asante sana.

Sasa wakuu nina jipya. Jana usiku mama mkwe kamwita mke wangu jikoni, kamwuliza kwa sauti ya chini: "Ile ya treni iliishaje?"

Kuna mtu anayo iliyokatwakatwa?