Ushauri: kuwasha upya seva ya Unix yenye watu ndani

kerneli_mpya: Wakuu, kuna seva kadhaa za Linux na moja ya Solaris (mifumo ya aina ya Unix), zote zina watumiaji na databesi. Zimesasishwa, sasa lazima ziwashwe upya. `reboot` tu inatosha?

mlinzi_wa_root: Hapana, hasa kwenye Solaris. Huko `reboot` na `halt` hazipitii skripti za kuzima huduma. Databesi inakatwa ikiwa bado inaandika. Tumia `shutdown -y -g900 -i6`. Ukisahau `-i6` (yaani washa upya), mashine inaishia hali ya mtumiaji mmoja (ya matengenezo) na haijiwashi upya.

Linux: `shutdown -r +15 "Hifadhini kazi, tokeni"`. Angalia vipimo: 900 ya Solaris ni sekunde, 15 ya Linux ni dakika. Ukibadili nia, futa kwa `shutdown -c`. Dakika 5 za mwisho anayejaribu kuingia upya anazuiwa, isipokuwa root (msimamizi mkuu).

bomba_na_grep: Naongezea. `w` inaonyesha walioingia tu. Kazi zilizoachwa kwa `nohup` (zinaendelea hata mwenyewe akitoka) hazimo, zitafute kwa `ps -ef`. Databesi izime mwenyewe kwanza, usome logi hadi iseme imefunga. Systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) ikituma SIGTERM (ombi la kufunga) husubiri sekunde 90 kwa kawaida, kisha inaua kwa SIGKILL (kwa nguvu), na databesi kubwa inaweza isimalize kumwaga data kwenye diski.

Kuzima ni nusu tu. Je, itarudi? Endesha `findmnt --verify`: inakagua fstab (orodha ya diski za kupachika), maana diski iliyotajwa humo lakini haipo, bila `nofail` (ruhusa ya kuendelea bila hiyo diski), inakuangusha kwenye hali ya dharura, na SSH (njia ya kuingia kwa mbali) hupati. Hakikisha konsoli (skrini na kibodi ya seva yenyewe) inafikika. Huduma iliyowashwa kwa mkono nayo haitarudi. Pima kwa `systemctl is-enabled`.

kerneli_mpya: Shukrani mkuu. Na mchakato ulioganda kwenye hali ya D (usingizi usiokatizwa)?

mlinzi_wa_root: Huo mara nyingi hata `kill -9` (SIGKILL) haiugusi, maana unasubiri diski au NFS (faili za seva nyingine kupitia mtandao) ndani ya kerneli (kiini cha mfumo). Rudisha kwanza seva ya NFS. Ikishindikana na kuzima kumekwama, ukiwa root andika herufi hizi moja moja kwenye `/proc/sysrq-trigger`: `s` (andika diskini), `u` (mifumo ya faili iwe ya kusoma tu), `b` (washa upya). Pumzika sekunde chache kabla ya `b`, kwa sababu hiyo haisubiri chochote. Bado ni afadhali kuliko kuchomoa waya.