Matunda ya vichakani: mtoto wa Leicester akifika Kisumu

Ndugu zangu mlioko ughaibuni,

Dada mmoja ameuliza iwapo awakataze wanawe kabisa kuchuma matunda ya porini watakapokuja nyumbani Desemba. Ninamjibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili limenipata.

Tulipokuwa tukiishi Leicester, Uingereza, kila mwisho wa Agosti nilimpeleka kijana wangu kuchuma blakiberi kwenye vichaka vya kandokando ya njia za miguu. Alizijua barabara: tunda jeusi linalong'aa, lenye vipunje vilivyoshikana, juu ya tawi lenye miiba. Alipotimiza miaka minne tulikuja Kisumu, na siku ya pili nyanya yake alimkuta kwenye ua wa boma, midomo imeshaloa rangi, kiganjani ameshika matunda meusi yanayong'aa, yenye vipunje vilivyoshikana, aliyoyachuma kwenye tawi lenye miiba. Ilikuwa lantana, ile ambayo Wajaluo huiita nyabend winy. Mwanangu alikuwa amefuata neno kwa neno somo nililompa mwenyewe, na tulikaa hospitalini hadi jioni akiangaliwa. Namshukuru Mungu hakudhurika.

Hatari ya lantana imo hasa katika matunda mabichi ya kijani, ambayo huweza kuleta kutapika, kuhara na udhaifu wa mwili, na katika kishada kimoja utayakuta mabichi na meusi yamekaa pamoja, hivyo mkono wa mtoto huyachuma yote. Jani lake ukilifikicha hutoa harufu kali, na maua yake madogo huwa ya rangi mbili au tatu katika shada moja. Blakiberi haina harufu hiyo wala maua ya namna hiyo.

Kosa hilo huweza kutokea pia mtoto anaporudi ughaibuni. Watoto wetu vijijini hula matunda meusi ya mnavu, yaani osuga, yaliyoiva vizuri (yale ya kijani hayaliwi), na mgeni akicheza nao atajifunza. Akirudi Uingereza, huenda akakutana na beladona, ambayo ni ya jamii moja na mnavu, nayo ina tunda jeusi lenye utamu. Sumu yake hukausha kinywa, huharakisha mapigo ya moyo, hupanua mboni za macho na kumfanya mtu aweweseke. Matunda machache tu yanaweza kumuua mtoto. Ukitazama kwa karibu, mnavu huzaa vishada vya matunda madogo kama njegere, lakini tunda la beladona huning'inia peke yake, kubwa zaidi, limekalia vijani vitano vilivyotanuka kama nyota.

Kwa hiyo sasa ninamfundisha mwanangu kulijua jani, ua, mwiba na harufu kabla ya tunda, na asitie kitu kinywani kabla hajamwonyesha mtu mzima anayezijua mimea ya mahali hapo. Kisumu mtu huyo ni nyanya yake. Leicester nilikuwa mimi. Ndege akila tunda, hiyo si ruhusa. Kukataza kabisa sikuungi mkono, maana mtoto aliyekatazwa hula kwa kujificha na akiugua hasemi alichokula.

Ikitokea amekula, toeni mabaki kinywani, msimlazimishe kutapika, vunjeni tawi lenye majani na matunda, mwende nalo hospitalini. Walioko Uingereza wapige 111, au 999 mtoto akizidiwa. Walioko Marekani wapige 1-800-222-1222, simu ya kituo cha ushauri wa sumu.

Dada yenu, Kisumu

*

Dada, asante sana. Mimi ni muuguzi hapa Nakuru, nami ningependa kuongeza jambo la kukabwa, kwa sababu hata tunda lisilo na sumu huweza kuziba koo la mtoto mdogo. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, zabibu ikatwe kwa urefu, kisha tena kwa urefu, itoke vipande vinne, kwa sababu ukiikata kwa upana unabaki na kipande cha duara kinachoweza kuziba njia ya hewa. Bluberi zipondwe kidogo kwa uma. Mtoto ale akiwa ameketi, asiwe akikimbia wala akiwa kiti cha nyuma cha gari ambako humwoni vizuri.

Akikabwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, mwinamishe umpige mgongoni kati ya mabega hadi mara tano. Kisha, ikiwa kilichomkaba hakijatoka, mtoto aliyezidi mwaka mmoja abanwe tumbo hadi mara tano, na wa chini ya mwaka abonyezwe kifua, huku mtu mwingine akiita msaada.

Binti yangu ana miaka miwili na anapenda zambarau kupita kiasi. Ninaikata nyama ya tunda kwa kisu, ninampa kipande kimoja kimoja, na kokwa inabaki mkononi mwangu.