Ushauri wakuu: tulipotea Bondwa usiku na mwezi ujao tunarudi. Nijiandae vipi?

Kijana wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita tulipanda Bondwa, milima ya Uluguru, watu saba, wengi wetu mara ya kwanza. Tulikubaliana kuanza saa 12 asubuhi, lakini kusubiriana kukatufikisha saa 4. Morningside, pale pa kupumzikia njiani, tukakaa sana kupiga picha. Kwenye minara ya mawasiliano kileleni tumefika saa 10 jioni, ukungu umeshatanda, na njia nzima hakuna aliyethubutu kusema tugeuze.

Giza likatukuta msituni. Tochi zetu ni za simu tu, na simu tatu zilikuwa zimeshazima. Tulipotoka kwenye miti tukaziona taa za Morogoro chini yetu, karibu kabisa, unaona kama ukinyoosha mkono utazigusa. Mmoja akasema tuzifuate moja kwa moja. Tukaiacha njia. Nusu saa baadaye tuko ndani ya korongo, tope hadi magotini, tunasikia maji yanaporomoka mbele yetu lakini hatuyaoni. Dada mmoja akateleza, kifundo cha mguu kikateguka. Jinzi yake ilikuwa imelowa yote, akatetemeka mpaka meno yanagongana.

Aliyetuokoa ni mbwa. Alibweka huko juu ya korongo, tukapiga kelele, akaja mzee mmoja na kurunzi pamoja na kijana wake. Yule kijana alimbeba dada mgongoni hadi nyumbani kwao. Tukawekwa jikoni karibu na moto, tukapewa chai ya mdalasini. Ilikuwa saa 8 usiku. Mpaka leo nikilala nawaza: je, mzee asingekuwa na mbwa?

Mwezi ujao tunarudi na mimi ndiye kiongozi. Naomba mnisaidie: nibebe nini, na giza likitukuta tena, tuendelee kutembea au tukae?

Mluguru wa Choma

Pole sana mdogo wangu, na mpe pole huyo dada. Nimepandisha wageni milima hii miaka mingi, kwa hiyo nitakwambia bila kukuficha: hamkupotea usiku, mlipotea saa 4 asubuhi.

Jua hapa Morogoro huzama kuanzia kama saa 12 na dakika 20 hadi saa moja kasorobo au zaidi kidogo, inategemea mwezi. Na kwetu huku karibu na ikweta jioni ni fupi, likishazama una dakika ishirini na kidogo tu za kuona. Msituni giza linakuwahi kabla ya hapo. Kwa hiyo weka saa ya kugeuza. Mimi ni saa 7 mchana, hata kama minara tunaiona. Itangaze asubuhi watu wakiwa bado na akili zao, kwa sababu ikifika saa 7 kila mtu atakwambia "bado kidogo tu".

Zile taa zimewaponza wengi. Kati yako na mji kuna mabonde ambayo usiku huyaoni, na mito ya huku inashuka kwa maporomoko. Ukisikia maji yanaanguka mbele yako gizani, simama hapo hapo. Ukigundua umeiacha njia, usitafute njia mpya. Rudi nyuma kwa nyayo zako mpaka pale pa mwisho ulipokuwa na hakika. Kama hupaoni, kaa.

Nesi wa Zamu

Naongezea kwenye ile jinzi. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa hazikaukii mwilini, zinanyonya joto lako usiku kucha. Kila mtu abebe sweta na soksi kavu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na asiviguse mpaka msimame. Yale mablanketi membamba yanayong'aa kama foili ni mepesi na hayajazi begi, chukua ya watu wote. Mkikaa msikae kwenye udongo, kalieni mabegi au majani makavu, mbanane, mliyemwona dhaifu awe katikati. Mpeni kitu cha sukari kama anameza vizuri. Pombe hapana kabisa, inampotezea joto.

Halafu shika hili: mtu aliyelowa akiacha kutetemeka huku anaanza kuongea kama mlevi, usidhani amepata nafuu. Hapo ndipo hali imekuwa mbaya. Mvue nguo zilizolowa, mfunike na tafuteni msaada mara moja.

Komandoo wa Mzumbe

Mimi napingana na hili la kukaa. Ukikaa baridi inakumaliza. Bora mtembee taratibu, damu izunguke, mtatokea tu mahali.

Mluguru wa Choma

Komandoo, nakuelewa, ila "mtatokea tu mahali" ndiyo iliyowafikisha korongoni. Tofauti ni hii: kama njia unaikanyaga na kila mtu ana tochi yake, tembeeni pole pole mkiwa mmefuatana, anayechoka haraka awe wa pili kutoka mbele. Kama njia hamna, kaeni. Baridi ya Bondwa mtu mwenye nguo kavu anaivumilia hadi asubuhi. Poromoko halina uvumilivu huo. Na alfajiri akina mama wanashuka na mizigo ya sokoni, utasikia sauti zao.

Jirani wa Naivasha

Ndugu, niko Kenya, hupanda Elephant Hill kule Aberdare, na ukungu wa kule naujua. Nunua tochi za kichwani, moja kwa kila mtu, na betri za akiba. Lakini kwenye ukungu usiivae kichwani! Mwanga unakurudia machoni, unaona ukuta mweupe tu. Ivue, ishike chini usawa wa kiuno, ndipo utaona mawe na mizizi.

Pia nunua filimbi. Sauti ya mtu inakauka kwa dakika chache, filimbi haichoki. Piga mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha rudia. Anayekusikia na kujua alama hiyo atakujibu mara tatu. Tochi pia inatumika hivyo hivyo.

Fundi Simu Msamvu

Kwenye simu wengi hawajui kwamba GPS, ile inayokuonyesha mahali ulipo, haihitaji bando wala mtandao. Pakua ramani ukiwa bado mjini, Organic Maps au OsmAnd, na uanze kurekodi njia toka hatua ya kwanza. Mkipotea, ule mstari ndio utakaowarudisha. Simu moja izimwe kabisa asubuhi, ifungwe kwenye nailoni, isipige picha hata moja. Pawabenki iwepo. Mtandao ukiwa dhaifu simu itakataa lakini meseji inaweza kupenya, kwa hiyo mtumie mtu namba za mahali ulipo kama zinavyoonekana kwenye ramani. Dharura ni 112.

Binti Kisiwani

Je, kuna mtu nyumbani aliyejua mko wapi siku ile? Sijaona umesema.

Kijana wa Kihonda

Dada, swali lako limenichoma. Hakuna aliyejua. Mama alidhani niko kwa rafiki.

Wakuu, nawashukuru wote, nimeyaandika haya kwenye daftari. Tochi za kichwani nimeshaulizia bei, filimbi saba nimenunua leo. Tunaondoka saa 12 kamili, asiyefika anabaki. Saa ya kugeuza ni saa 7. Tunapitia ofisi ya hifadhi kuandikisha majina, na tunachukua mwongozaji wa kijijini. Mluguru wa Choma, nakuja inbox.

Dada yangu nimemwachia karatasi: majina yetu, njia tutakayopita, namba ya mwongozaji. Asipopata meseji yangu ikifika saa 2 usiku, anapiga.

Kwa yule mzee tunapita tukiwa tunashuka, mchana. Nimemnunulia betri za kurunzi na sukari kilo tano, na dada aliyeteguka amesema chai ya mdalasini safari hii anapika yeye.