Mtoto wangu anadhani yeye ndiye alileta mafuriko, nimwambie nini?

MamaJay_Mukuru
Habari zenu wazazi wenzangu, naomba mnisaidie maana hii kitu imeninyima usingizi wiki mzima. Kijana wangu ana miaka 7. Aprili 2024 maji ya mto Ngong yalituingilia usiku, tukatoka yeye akiwa mgongoni na blanketi moja, nyumba ikajaa mpaka kwa magoti. Hadi saa hii ukisogeza kitanda utaona ule mstari wa tope kwa ukuta, nimesugua nikapaka rangi lakini unarudi tu. Tangu hiyo siku mvua ikianza kugonga mabati anaamka, hasemi kitu, anachukua viatu vyake vya shule anaviweka karibu na mto wa kulalia halafu anakaa macho wazi mpaka iishe.

Sasa wiki jana wamefunzwa mambo ya mazingira na mabadiliko ya tabianchi akarudi nyumbani kimya. Wakati wa kulala ndio ananiuliza, "Mum, ni mimi nilifanya maji yaingie?" Kumbe walisikia kwamba watu wanaotupa takataka ndio wanaharibu hali ya anga wanaleta mafuriko, na yeye siku moja alitupa karatasi ya biskuti kwa mtaro. Karatasi moja tu.

Sitaki kumwambia kutupa takataka ni sawa kwa sababu si sawa, na sitaki kumwambia hakuna kitu kimebadilika na yeye anaona. Lakini haya maneno hata mimi siyajui vizuri ya kumweleza mtoto akaelewa. Nyinyi wenu mnawaambiaje?

Mwalimu_Umoja
Pole sana mama. Mimi nafunza praimari, na kitu cha kwanza, mwambie leo usingoje kesho, kwamba si yeye. Mtoto wa umri huo ukimpa jambo kubwa bila kulifungua anatafuta kosa kwake mwenyewe.

Halafu hapo mambo mawili yamechanganywa, na hata watu wazima huyachanganya. Kuna mambo ya mtaro na kuna mambo ya anga. Takataka zikiziba mtaro maji yanakosa njia yanaingia kwa nyumba, hiyo ni kweli na ndio maana tunawakataza. Lakini karatasi ya biskuti kwa mtaro haipashi dunia joto. Joto linatokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, petroli, dizeli na gesi, na kukata misitu. Hewa ya kaboni inayotoka hapo inakaa huko juu kama blanketi. Mimi huwaambia watoto blanketi lenyewe ni zuri, bila hilo dunia ingekuwa kama ndani ya friza, wastani wa nyuzi 18 chini ya sufuri, shida ni kwamba tunazidi kujifunika lingine na lingine. Kabla ya viwanda, ukichukua chembe milioni za hewa, kama 280 zilikuwa za kaboni dayoksaidi, saa hii zimepita 420. Na hewa yenye joto inabeba maji mengi, karibu asilimia 7 zaidi kwa kila nyuzi moja, kwa hivyo ikimwaga inamwaga kwelikweli.

Ya mtaro na udongo mwonyeshe kwa mikono. Tafuta jerikeni mbili za mafuta ya kupikia zile ndogo, zilaze, kata ubavu wa juu. Moja weka udongo mtupu, nyingine udongo wenye nyasi zikiwa na mizizi. Ziinamishe kidogo mdomo ukiwa chini, weka kikombe hapo, mwagilia maji sawasawa. Ya udongo mtupu maji yatatoka mbio yakiwa kama chai ya maziwa, ya nyasi yatatoka polepole na masafi zaidi. Mwache amwage yeye mwenyewe, na akitaka kurudia hata mara tano mwache.

Juma_Pipeline
Mimi naona watoto waachwe wawe watoto bana, hizi habari za dunia kuchomeka wataziskia wakikua.

BabaMapacha
@Juma_Pipeline nakuelewa ndugu yangu, lakini huyu ameshaingiliwa na maji kitandani, tayari anajua, kilichobaki ni ajue vizuri ama ajue vibaya. Wangu wawili waliona ng'ombe wa mjomba wao Kajiado wakifa 2022, misimu mitano mvua imekosekana, halafu 2024 wakaona mafuriko hapa Nairobi. Wakaniuliza, "Kwani mvua imekosana na nani?" Nikawaambia joto lile lile linazidisha kiangazi na linazidisha mvua.

Mama Jay, mwambie pia Afrika nzima haifikishi asilimia 4 ya hizo hewa chafu za dunia. Usimpe kama chuki, mpe ndio huo mzigo umtoke. Mwambie na mazuri. Stima yetu nyingi ni ya mvuke wa moto unaotoka ardhini kule Olkaria, mabwawa na upepo. Niliwapeleka wangu vilima vya Ngong wakaona zile panga kubwa za stima ya upepo zikizunguka, siku hizi taa ikiwaka wanabishana kama ni ya upepo ama ya mvuke.

Lakini uoga wa usiku hautaisha kwa maelezo, anataka mpango. Tundika begi mlangoni, mkubaliane nani anabeba nini, mnaenda kwa nani, mtembee hiyo njia mchana bila mvua. Na huyu kijana ameshajichagulia kazi, ya viatu. Mpe hiyo kazi awe ndiye anaangalia viatu vya nyumba nzima.

Shosho_Kangemi
Mwanangu, pole. Mimi nilikuwa msichana wakati Wangari Maathai, yule mama mtetezi wa miti, alianza kupanda na miche 7 pale Kamukunji, 1977. Wajukuu wangu hawaamini msitu wa Karura hapa Nairobi wanakokimbia na baiskeli karibu igawanywe mashamba, na kwamba mama huyo alipigwa akiitetea mwaka wa 1999. Waambie watoto hizi hadithi, wajue mtu alisimama.

Ila kinachoniuma ni kupanda na kuacha. Ile likizo ya kupanda miti ya tarehe 13 Novemba 2023 wajukuu walipanda kwa furaha, kufika Januari hakuna aliyerudi na maji, ilikauka yote. Mpe mtoto mche mmoja awe anajua majani yake ni mangapi. Na kando ya mto msipande mikaratusi, inakunywa maji sana. Kama ploti ni simiti tupu, gunia la sukuma wiki linatosha kabisa kumfunza.

MamaJay_Mukuru
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nilimwambia usiku ule ule si yeye. Akauliza, "Hata karatasi?" Nikamwambia karatasi ni ya mtaro, haikuleta mvua, na mtaro tutausafisha pamoja Jumamosi, na tumefanya hivyo na watoto wa jirani, gunia mbili zimejaa. Jerikeni amerudia mara sita.

Jana mvua imekuja saa nane usiku. Akaamka, akachukua vyake, akachukua na vyangu, akavitia kwa begi mlangoni, akarudi akalala kabla mvua haijaisha. Mimi ndio nimebaki macho.

Shosho, amesema mche wake anataka uwe pale mtoni. Mwanzi unaweza kushika kwa ule udongo ama maji yataubeba?